Mwinjilisti na Mashine ya Nne

Kabla sijasema lolote jema juu ya Mwinjilisti, na mema yapo, niseme kwanza kwamba kwa miaka kumi na tisa sikumwamini hata siku moja. Si kosa lake. Mimi nilifanya kazi ya stoo katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Bukoba tangu nikiwa kijana mpaka walipotuambia asanteni, na mtu akishapima magunia ya watu kwa muda huo hawezi tena kuwatazama binadamu kama Mungu alivyowaumba. Nimekuta mawe ndani ya kahawa. Nimekuta mchanga, nimekuta betri za redio, na mara moja nilikuta pasi nzima ya mkaa katikati ya gunia la mzee wa kanisa. Kwa hiyo mtu yeyote nikimtazama, namtazama kwa jicho la stoo.

Yeye alileta kahawa yake kutoka Muleba kila msimu. Wakulima wengine walikuwa wakisimama mbali kidogo na magunia yao na kutazama barabarani, kana kwamba mzigo ni wa jirani. Mwinjilisti alifungua gunia lake mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Pekua, waitu," kwa heshima ya Kihaya. Nikapekua. Nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikamwaga kahawa yote chini, nikairudisha. Hapakuwa na kitu. Jioni nikamwambia mke wangu kwamba leo nimekutana na mwizi wa aina mpya. Akaniuliza kaiba nini, nikamjibu kwamba bado sijajua.

Alikuwa mtu mfupi wa mabega mapana, mwenye koti la kijivu alilovaa jua na mvua, na mikono iliyojaa makovu madogo meusi ya cheche. Jumapili alisoma Neno katika usharika mmoja wa Kilutheri huko Muleba, na siku nyingine alitengeneza visu nyumbani kwake. Watu walimwita Mwinjilisti hata walipokuwa wakizungumzia visu. Mwanamke wa Muleba akikuambia "hiki ni cha Mwinjilisti", alikuwa hazungumzii Biblia.

Wasio wa huku hudhani kisu ni kisu. Aliyekulia kwenye nyumba inayopika ndizi kila siku anajua. Kisu cha kumenyea kinavutwa kuelekea kidole gumba, kwa hiyo makali yakianzia kwenye mpini yanakula kidole. Yakinolewa pande zote mbili, yanazama ndani ya ndizi, na nusu ya chakula inakwenda kwa mbuzi pamoja na maganda. Visu vya Mwinjilisti vilikuwa na makali upande mmoja tu, upande wa pili bapa tupu, na karibu na mpini aliacha sehemu butu yenye upana wa kidole gumba. Mke wangu alikuwa na kimoja alichorithi kwa shangazi yake, na kilipopotea shambani nyumba yetu ilikuwa na msiba wa wiki mbili.

Mteja alipofika kwake hakuulizwa anataka kisu cha ukubwa gani. Alipewa kigoda, ndizi tano sita na kisu kibovu, akaambiwa amenye. Mwinjilisti alisimama pembeni akitazama mkono tu. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilifikia uamuzi kwamba mzee huyu amepata njia ya kumenyewa ndizi za mchana bila jasho, na ni kweli zile ndizi ziliishia kwenye sufuria ya mkewe, nilizifuatilia kwa macho. Lakini siku hiyo hiyo alikuja mama mmoja wa Izimbya, akamenya, na wiki iliyofuata alikabidhiwa kisu chenye makali upande wa pili, tofauti na vyote vilivyokuwa mezani. Mama yule alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikigeuzageuza, akasema kwamba tangu azaliwe amekuwa akimenya kwa visu vya watu wengine. Alilia kidogo, na mimi nikatazama pembeni.

Hata hivyo sikulegea. Nikajiambia kwamba mtu anayejua kuona mkono wa mwenzake kiasi hicho anajua pia kuona mambo mengine.

Alikuwa na misemo yake ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Alisema, "Stika haisagi chuma," akimaanisha nguvu iliyoandikwa ubavuni mwa mashine. Alisema muuzaji akikuapia, funga pochi, na akikuapia mara ya pili, funga na mlango. Mtu wa kanisa, lakini dukani alikuwa mkali kuliko mimi. Nilimwona akikataa kutoa salamu ya mkono kwa mwenye duka mpaka mashine iwashwe kwanza, eti mkono ukishashikwa, macho yanalegea.

Na bado karakana yake ilikuwa haina kufuli. Jembe lake alilifungia ndani kwa kufuli mbili, kuku wake walilala chumba cha ndani, lakini karakana yenye visu ishirini ukutani ilibaki wazi usiku na mchana. Nilipomwuliza, alisema kwamba mwizi wa jembe anataka jembe, lakini mwizi wa kisu lazima aje tena kukinoa, na atakuja hapa hapa. Nilikaa na jibu hilo muda mrefu nikitafuta mahali lilipopinda.

Mlango mmoja tu aliufunga. Alipokuwa anataka kutia chuma moto, kabla ya kukizamisha kwenye oili, alituomba wote tutoke, akafunga mlango na madirisha. Tukiwa nje tulisikia chuma kikilia kwenye oili, basi. Mimi, Mkatoliki wa Kibeta, nilisimama pale uani kwa Mlutheri nikiwaza mengi. Niliwaza dawa. Niliwaza maneno ya mababu, maana huku watu walifua chuma kabla dini yoyote haijapanda kilima. Siku moja nikachungulia kwenye ufa. Alikuwa amekaa mbele ya jiko la mkaa, mikono magotini, anautazama ubapa wa kisu ukigeuka kutoka mwekundu wa damu kwenda wa chungwa, na ulipofika rangi aliyoitaka akauzamisha. Alikuwa anataka giza tu, aione rangi sawasawa. Akaniambia bila kugeuka kwamba nikitaka kuona niingie, ila nizibe ule ufa kwa mgongo wangu. Nilijiona mjinga, na kujiona mjinga kuliniudhi.

Kilichonishinda zaidi ni maungamo yake. Alikuwa wa wale ndugu waliookoka, ambao wakikutana husimama mmoja mmoja na kutaja dhambi zao mbele ya kila mtu. Sisi tunaungama kwa padre, kwa sauti ya chini, na padre hasemi. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wao nilipokwenda Muleba kwenye msiba, na Mwinjilisti akasimama. Aliungama kwamba alimwahidi mteja kisu Alhamisi akijua hakitakuwa tayari Alhamisi. Aliungama kwamba msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, alikula wa kwenye sahani ya mkewe gizani, umeme ulipokatika, na ulipowaka akamsingizia paka. Watu wakacheka, wakaimba, wakamshika mkono. Mimi nilikaa kule nyuma nikipiga hesabu zangu za stoo: mtu anayetoa senene hadharani, kitu kikubwa amekificha wapi?

Nyumbani kwake alikaribisha vizuri mno. Ulipewa kahawa ya kutafuna, kisha juisi ya ndizi, na kama ilivyo desturi yetu alionja yeye kwanza mbele yako ili ujue haina kitu. Wenyeji wengi huonja kwa kugusa mdomo tu. Yeye alikunywa nusu kikombe, akakaa, akakutazama, kisha ndipo akakujazia chako. Na mimi nilisubiri kidogo zaidi.

Sasa niseme nilivyofika kwenye karakana ya mtu nisiyemwamini.

Kiwanda kilipotuachisha nilibaki nyumbani Kibeta na kiinua mgongo kidogo, kibanja kidogo na siku ndefu. Nikaanza kutazama kwenye simu video za watu wanaotengeneza visu majumbani kwao. Wote walikuwa na mashine moja: mkanda mrefu wa msasa unaozunguka kwenye magurudumu mawili au matatu, mtu anaegemeza chuma na kisu kinatokea. Nilikuwa nimejaribu kwa tupa na grenda ya mkono, nikapata vitu ambavyo mke wangu aliviita vijiko. Bila mashine ya mkanda sikuwa na kazi, na bila kazi nilikuwa mzee wa kukaa barazani na kuhesabu bodaboda. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha mashine moja. Nikikosea, hakuna ya pili.

Mtu pekee niliyemjua mwenye mashine hiyo alikuwa Mwinjilisti. Yake aliiunda mwenyewe, kwa mota ya mashine ya kusaga mahindi na magurudumu ya mbao, na mikanda aliikata kwenye roli la msasa wa kitambaa na kuigandisha kwa gundi. Ilikuwa na mwendo mmoja tu, na ilipowashwa ukuta wote ulitetemeka. Nilimwomba anisaidie kuchagua ya kwangu. Alikubali haraka mno. Pale pale nikaanza kujiuliza swali ambalo lilininyima raha mwaka mzima: mtu anayeuza visu kutoka Muleba mpaka Bukoba ana sababu gani ya kunisaidia na mimi nianze kuuza?

Mashine ya kwanza tuliikuta kwenye duka la vifaa mjini. Mpya, rangi ya kuvutia, ndogo ya kuweka mezani, mkanda wake mwembamba kama mshipi. Mimi nilishaipenda. Mwinjilisti hakuitazama kabisa. Aliomba kwanza aonyeshwe mikanda ya akiba. Mwenye duka akasema ataagiza Dar. Mwinjilisti akauliza itachukua muda gani, akajibiwa wiki mbili, tatu hivi, naye akaanza kutoka. Barabarani alinieleza kwamba mkanda mmoja unakwisha kwa visu vichache, na mashine ambayo mkanda wake haupatikani Bukoba ni sanamu. Maneno yaliingia akilini. Lakini niliona pia kwamba nimerudi nyumbani mikono mitupu.

Ya pili ilikuwa ya seremala wa Bilele aliyekuwa akihama. Kubwa, nzuri, yenye mfuko wa kukusanya vumbi. Mwinjilisti alifungua ule mfuko, akatoa konzi ya vumbi laini la mbao, akanimwagia kiganjani. Akasema chuma kinatoa cheche, na cheche ikiingia humu itakaa kimya mpaka umekwenda kulala, na wewe karakana yako imeshikana na chumba cha kulala. Seremala mwenyewe akakiri kwamba hakuifikiria hiyo. Nikarudi tena mikono mitupu.

Ya tatu iliundwa na kijana wa kuchomelea vyuma kwenye njia ya Izimbya. Mwinjilisti alichora mstari wa penseli katikati ya gurudumu, akawasha, akaniambia nitazame. Mkanda ulitembea kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, hautulii. Kisha akasimamisha sarafu juu ya fremu, na sarafu ikaanguka kabla hajaondoa kidole. Alimweleza kijana kwa upole namna ya kurekebisha, wakachora pamoja kwenye udongo. Na mimi nikasimama pale nikihesabu: tatu kati ya tatu. Sababu zote nzuri, na matokeo yote mamoja. Mke wangu aliniambia nimuulize tu wazi. Nikamwambia mwizi haulizwi.

Ya nne tuliiona Jumamosi asubuhi kwenye duka la vitu vilivyotumika, nyuma kabisa, chini ya majokofu mabovu. Ilikuwa nzito, fremu ya chuma kinene, magurudumu matatu, bati imara la kuegemezea kisu, na kitasa cha kupunguza na kuongeza mwendo. Kitasa hicho ndicho kila kitu, kwa sababu makali yakishakuwa membamba mkanda wa kasi unayachoma, yanageuka rangi ya bluu, na kisu kimekufa hata kama kinang'aa. Mkanda wake ulikuwa wa kipimo kile kile kilichojaa katika maduka mawili mjini. Mwinjilisti akachora mstari wake, mkanda ukatulia. Akasimamisha sarafu, ikasimama. Akasukuma ubao kwenye mkanda kwa nguvu za mabega yake yote, na mota haikulegea. Nilianza kutabasamu.

Kisha akafungua kifuniko cha mota, akainama, akanusa. Alikaa ameinama muda mrefu. Akasema mota hii iliungua ikasukwa upya, na waya waliotumia ni wa bei rahisi, haitamaliza mwezi. Mwenye duka akabisha. Mwinjilisti akasema, "Twende, Baba Koku." Ila kabla ya kwenda alirudisha kifuniko yeye mwenyewe, akakaza kila skrubu, akatoa leso mfukoni akafuta vumbi juu ya fremu.

Hapo jicho la stoo likafunguka. Zile tatu alinionyesha kila kitu, alinishika mkono akanigusisha kasoro yenyewe. Hii hakunisogeza karibu ninuse. Na tena, mtu hafuti vumbi kwenye mashine anayoikataa. Nikasema moyoni, nimekukamata. Hataki niwe na mashine, na hakutaka tangu siku ya kwanza.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la Muleba, nikampungia mkono kwa heshima zote, na saa tisa alasiri nilikuwa nimerudi dukani. Nilinusa mota mwenyewe. Ilinukia mota. Nikalipa, nikamsihi mwenye duka asimwambie mtu yeyote nani kainunua, nikaifunika kwa majani ya migomba kwenye guta la matairi matatu, nikaipandisha Kibeta kwa njia ya nyuma. Nilifurahi, lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyeiba chake.

Mwezi ukaisha na mota ikawa nzima. Miezi ikaenda. Visu vyangu vya kwanza niliviunguza vyote, kisha nikajifunza kupunguza mwendo na kuzamisha chuma kwenye ndoo ya maji kabla vidole havijalia. Nilitengeneza visu vya kumenyea, makali upande mmoja, butu karibu na mpini. Nilijua ni vya nani. Niliviuza upande wa Izimbya na Bilele tu, kamwe si upande wa Muleba, na mashine ikakaa chumba cha nyuma chini ya kitenge cha zamani cha mke wangu. Mwinjilisti alinipigia simu mara tatu kuniuliza kama nimepata mashine, na mara tatu nilimjibu kwamba bado natafuta. Baada ya mara ya tatu mke wangu aliniuliza kama nimemsikia jogoo wa Petro. Sikuona la kucheka.

Alikuja Jumanne moja asubuhi, bila kupiga simu, baada ya miezi minane. Mke wangu alikuwa kibanjani anavuna maharage. Mimi nilikuwa nimezima mashine dakika chache tu, nikaikimbilia na kitenge, nikanawa mikono, nikatoka barazani na uso wa mtu aliyekuwa amelala. Alikuwa amekonda. Nilimpa kiti, hakukaa. Nilileta kahawa ya kutafuna, nikaonja mbele yake, akaiweka mezani bila kuigusa. Alivua kofia.

"Baba Koku, ile mashine ya nne," alisema. "Mota yake haikuwa imesukwa. Ilikuwa nzima kabisa. Nilikudanganya."

Nitakuwa mwongo nikisema nilisikitika. Kitu cha kwanza nilichosikia ni ushindi. Miaka kumi na tisa ya kupekua, hatimaye jiwe limetoka ndani ya gunia. Nikamwambia kwa sauti ya upole ya uongo kwamba namwelewa, kila fundi huogopa mshindani.

Akatikisa kichwa. "Mshindani wa nini? Visu vinavyotakiwa Kagera mimi na wewe hatuvimalizi. Niliitaka mimi. Ile yangu mwendo wake sasa unanishinda, mikono inatetemeka, nachoma makali. Nilipoona kile kitasa cha mwendo, shetani hakuhitaji kusema mara mbili. Nilirudi Jumatatu na fedha nikakuta imeuzwa."

Nikauliza kama aliambiwa nani kainunua. Nilijua jibu, lakini mdomo uliuliza.

"Walikataa kusema. Basi miezi minane nimemshuku kila fundi wa hapa. Nimemshuku yule kijana wa kuchomelea, nimemshuku seremala wa Bilele, hata mchungaji wangu nilimshuku kwa kuwa ana shemeji fundi. Jumapili nasoma Neno huku nawatazama mikono. Wewe tu ndiye sikukushuku. Wewe nilikuwa nimekunyima, na bado ulinishukuru, ukanisindikiza mpaka kwenye gari."

"Nimekusamehe, Mwinjilisti," nikasema. Niliyasema haraka, kama mtu anayefunga dirisha upepo ukianza.

Hakuondoka mara moja. Nilijua anachosubiri. Kwao ndugu mmoja akishaweka lake mezani, mwingine naye huweka lake, hata dogo, ndipo wanashikana mikono. Alisimama na kofia kifuani, mlango wa chumba cha nyuma ukiwa hatua nne kutoka bega lake. Nikatazama maganda ya kahawa. Nikamwuliza habari za mkewe. Akasema mzima. Akavaa kofia, akaniambia kasinge, asante yetu ya Kihaya, akashuka ngazi akishika ukuta, na nikaona kweli mikono inatetemeka.

Nilibaki barazani nikimtazama akipita katikati ya migomba kuelekea barabarani. Nasema wazi kwamba sijawahi kuona aibu kama ile, si kiwandani, si mbele ya padre. Nilikuwa nimemshuku kwa kila jambo, na kwa lile moja nililomkamata nalo nilikosea sababu. Yeye alikuwa ameshuku dunia nzima akaniacha mimi. Nikafikiria kumkimbilia. Lakini nilijijua: nikifika mbele yake, ningeuliza tena habari za mkewe.

Nikaingia chumba cha nyuma, nikavuta kitenge, nikafungua dirisha lote. Nikachukua kisu nilichokuwa sijakimaliza, nikawasha mashine, nikaongeza mwendo mpaka mwisho, nikakiegemeza chuma kwenye mkanda.

Kibeta ile asubuhi haikuwa na kelele nyingine. Kupitia dirishani nilimwona akisimama kwenye mgomba wa mwisho. Hakugeuka. Alisikiliza, nami sikuondoa chuma, nikaacha kilie mpaka kikabadilika rangi na kuharibika. Kisha akaanza kurudi, polepole, akapita barazani bila kubisha hodi, akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Nikazima.

"Ni ile," alisema.

"Ni ile. Jumamosi ile ile, saa tisa."

Aliitazama kuanzia magurudumu mpaka miguu, kisha akanitazama mimi, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuona jicho la stoo kwenye uso wa mtu mwingine likielekezwa kwangu. Akakaa juu ya gunia la mkaa. Nilisubiri aseme neno la Biblia, na ningelipokea.

"Kumbe na wewe," alisema.

"Na mimi, Mwinjilisti."

Nilijutia kila kitu tena tangu mwanzo. Halafu akavua koti, akalitundika kwenye msumari ambapo hutundika langu, akanyoosha mkono. Nikampa kipande cha springi ya lori ambacho kilikuwa bado hakijaguswa, na miwani yangu. Aliwasha mwenyewe, akashusha mwendo mpaka chini kabisa, na mikono yake ilipoegemea lile bati ikatulia. Mimi nilisimama pembeni na ndoo ya maji. Tulifanya kazi hivyo mpaka mke wangu aliporudi na maharage yake, akachungulia mlangoni, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaenda kumenya ndizi za watu watatu.